Vifaranga vya Rangi

Thadeo alipompigia simu mama yake kumweleza kwamba Tabasamu Park inafunguliwa Jumamosi na kwamba yeye ndiye atakayesimama kuombea, Bibiana alikubali kabla hajauliza hicho kinachoombewa ni kitu gani hasa. Alijua tu kwamba ni mahali pa michezo ya watoto, kwamba mwanawe alikuwa amehangaika napo muda mrefu, na kwamba pale Mikumi hapakuwa na kitu kama hicho. Watalii wanapita na magari yao kwenda mbugani, malori ya Tunduma yanalala na kuondoka, lakini mtoto wa Mikumi akitaka kucheza anachezea vumbi la kando ya barabara. Ndivyo Thadeo alivyomwambia, na maneno hayo yalimpendeza.

Bibiana alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mkulima wa mahindi na ufuta huko Kisanga, na mwenyekiti wa jumuiya yake ya Kikatoliki. Watu walimpenda kwa sala zake. Hakuwa na maneno ya kupamba. Alisema na Mungu kama anavyosema na jirani aliyekuja kuazima jembe, na akimaliza, waliokuwepo waliona kweli kitu kimeombwa. Kwa hiyo wiki ile nzima, akipeta, akichota maji, akiwafungulia kuku wake asubuhi, alikuwa akipanga moyoni atakayoyasema. Awabariki watoto. Abariki mikono iliyojenga. Aombe pasitokee ajali, na mwanawe asije akasahau alikotoka.

Jumamosi asubuhi mkwewe, Happyness, alikuja kumchukua kwa gari, pamoja na mjukuu wake wa miaka minane, Imani. Bibiana alivaa kitenge kipya alichotumiwa na Thadeo. Njiani Imani hakunyamaza. Alisimulia juu ya pikipiki ambazo mtu anazikalia na barabara inakimbia kwenye skrini, juu ya puto kubwa la kurukia, na juu ya sanduku la kioo lenye vifaranga vya rangi.

"Kuna vya pinki, bibi, na vya bluu. Baba amenikataza kuvigusa mpaka leo."

Bibiana alicheka, akasema basi na yeye atapewa kimoja akiweke kabatini. Alidhani ni midoli. Mtu yeyote angedhani hivyo.

Tabasamu Park ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, jengo refu la bati lililopakwa rangi ya chungwa, na maputo yamefungwa mlangoni. Bibiana alipoingia, kilichompokea kwanza kilikuwa kelele. Mashine zilikuwa zimepangwa ukutani pande zote, kila moja inaimba wimbo wake, na juu yake spika kubwa zinaimba wimbo mwingine. Halafu ikaja harufu. Kulikuwa na rangi mbichi ya ukutani, moshi wa jenereta, mafuta ya chipsi yaliyokwisha kaangiwa mara nyingi, na soksi za watoto waliovua viatu. Chini ya hizo zote kulikuwa na harufu nyingine, nzito, iliyokaa kooni. Alihisi anaijua, ila hakuweza kukumbuka anaijua kutoka wapi, maana haikuwa harufu ya mahali kama pale.

Thadeo alikuja mbio akiwa ndani ya suti, jasho likimtiririka shingoni. Akamwamkia mama yake kwa kuinama, akamshika mkono, akaanza kumtembeza. Alikuwa na furaha ya mtu aliyengoja kwa muda mrefu kuonyesha kitu. Bibiana naye alitaka kufurahi. Alijilazimisha kusifu kila alichoonyeshwa.

Walisimama kwenye karo kubwa lililojazwa mipira midogo ya plastiki, watoto wakijitupa ndani na kuzama mpaka shingoni. Wakati huohuo mama mmoja alikuwa akimtoa mwanawe, mtoto ametapika soda nyekundu kifuani na juu ya mipira. Mfanyakazi akaja na kitambaa. Akaifuta mipira michache ya juu, ile ya chini akaiacha iteremke na uchafu wake, watoto wengine wakaruka palepale. Kisha mfanyakazi yule akaenda na kitambaa kilekile kwenye meza iliyopangwa soda za wageni, akaifuta vizuri, huku na huku, mpaka ikang'aa. Bibiana alimtazama mwanawe aone kama ameona. Thadeo alikuwa ameshageuka, anamwonyesha kitu kingine.

Palikuwa na vijana wamesimama na bunduki za plastiki, wanapiga watu kwenye skrini, damu inatapakaa kioo kizima, na chini yake mtoto wa miaka kama mitatu amekaa anakula bisi, macho hayabanduki. Palikuwa na maliwato ambayo mlango wake haukufungika, na maji yaliyotoka chini yake yalikuwa yamefika kwenye kapeti. Kapeti lilitoa sauti ya kunyonya mtu alipolikanyaga. Bibiana alijiambia kwamba yeye ni mwanamke wa shamba, pengine ndivyo mambo ya mjini yalivyo, na kwamba siku ya kufungua jambo lolote haikosi kasoro. Akashika upindo wa kitenge chake usiguse chini.

"Sasa njoo uone kitu chenyewe," Thadeo alisema.

Watu wengi zaidi walikuwa wamezunguka hapo. Lilikuwa sanduku la kioo refu kuliko mtu, lenye taa zinazokimbizana kwenye kingo zake, na ndani, kutoka juu, ulining'inia mkono wa chuma wenye vidole vitatu. Thadeo alimweleza mama yake namna linavyochezwa. Unatumbukiza tokeni, unauongoza mkono kwa kishikio, unabonyeza, mkono unashuka na kufumba. Ukinasa kitu, unakipeleka mpaka kwenye tundu la pembeni, kinaangukia kwenye droo, ni chako. Sehemu nyingine hujazwa midoli.

Watu walimpisha mama wa mwenye mali. Bibiana akasogea mpaka karibu na kioo. Ndani aliona mafungu madogo ya manyoya, ya pinki, ya bluu, ya kijani, yamerundikana kwenye kona moja. Vilikuwa vizuri, vimetengenezwa kwa ustadi kabisa. Aliinama avitazame vizuri. Kimoja, cha kijani, kikafumbua mdomo, kikaufumba.

Ndipo alipoijua ile harufu. Ilikuwa ya banda la kuku lililofungwa bila hewa.

Aliinuka taratibu. "Thadeo, hawa ni wazima?"

"Ndio, Mama. Hapo ndipo ubunifu wenyewe ulipo. Midoli kila mtu anayo."

Akamweleza, kwa sauti ya kupita muziki, kwamba ni madume ya kuku wa mayai. Wanaototolesha hawana kazi nayo. Huyapata kwa boksi, karibu bure, huyachovya kwenye rangi ya keki ambayo haina madhara, na Dar watu wangegombania kitu kama hiki. Alipokuwa akisema hayo kijana mmoja alitumbukiza tokeni. Mkono wa chuma ukashuka juu ya kona, vifaranga wakasambaa wakipandana, ukafumba juu ya bawa la mmoja wa bluu na kumwinua. Alining'inia kwa bawa hilo moja, miguu ikipiga hewa. Katikati ya safari akachoropoka, akaanguka sakafuni kwa mshindo ambao haukusikika kwa sababu ya muziki. Watu wakapiga kelele ya masikitiko, halafu wakacheka. Kijana akatumbukiza tokeni nyingine.

Bibiana alikuwa amechinja kuku maisha yake yote. Alichinjia wageni, alichinja kuku wagonjwa kabla hawajafa, alichinja Krismasi na Pasaka, na damu haikuwahi kumtisha. Lakini sasa mate yalimjaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika. Kioo chote kwa chini kilikuwa kimepakwa kinyesi, na taa zenye joto zilikuwa zimekikausha katika mistari, na watoto walikuwa wamebandika nyuso zao palepale kwa upande wa nje. Waliokuwa hai walikuwa wamesimama juu ya waliokuwa wamelala. Mtoto mmoja aliyekuwa ameshinda alipita akimzungusha kifaranga wake kwa mguu, kama mtu anayezungusha funguo.

Na kule nyuma, mbali na kona, alikuwepo mmoja wa pinki ambaye hakusambaa na wenzake. Kidole cha chuma kilikuwa kimemchana karibu na mkia. Kitu chembamba kilikuwa kimetoka na kuburutwa kwenye uchafu, na wenzake wawili walikuwa wakikidonoa, wanavuta, wanadonoa tena. Yeye alikuwa akijaribu kutembea.

"Kuna mmoja ameumia," Bibiana alisema.

Thadeo alitazama. Alimwita Doto, mwanamke aliyekuwa akisimamia mashine ile na kutunza ufunguo wake, akamwambia amtoe baadaye, wageni wakishaondoka. Doto akasema sawa bosi. Alikuwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni, na hakuonekana kuwa mtu wa kushangaa tena.

Hapo muziki ukazimwa. Mshereheshaji alitangaza kwamba mgeni rasmi ameshafika, Bwana Melkizedek, mfanyabiashara wa mbao kutoka Kilosa mjini. Watu wakapiga makofi, mgeni akaketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, akaletewa sahani ya chipsi na kuku kabla ya hotuba kwa sababu alisema ana safari. Kisha mshereheshaji akasema kwamba hakuna jambo jema linaloanza bila Mungu, na akamwita mama mzazi wa mkurugenzi.

Happyness alimpelekea kipaza sauti. Bibiana alikishika kwa mikono miwili. Kilikuwa na ute wa mikono ya watu wengine, akatamani kukifuta. Watu waliinamisha vichwa. Wenye kofia walivua. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba, kwa mara ya kwanza tangu aingie, aliweza kuwasikia vifaranga.

Alitafuta maneno aliyoyapanga wiki nzima. Yalikuwepo. Aliweza kuyasema yote, watu wangeitikia amina, wangekula, angerudishwa nyumbani kwa gari. Alifumba macho na kuanza kwa jina la Baba, na mkono wake ukaishia kwenye paji la uso. Haukushuka kifuani.

"Siwezi kuombea hiki," alisema.

Watu wengine walidhani ni sehemu ya sala. Thadeo alifumbua macho. Bibiana alimrudishia Happyness kipaza sauti, akatembea hadi kwenye sanduku la kioo, akamwomba Doto afungue. Doto alimtazama bosi wake. Thadeo alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mahali pa kuificha aibu, akatikisa kichwa kukubali kwa sababu hakujua afanye nini kingine mbele ya watu wote wale. Mlango wa kioo ukafunguliwa na uvundo ukatoka kwa pamoja. Waliokuwa karibu walirudi nyuma wakiziba pua.

Bibiana aliingiza mkono, akawasogeza waliokuwa wanadonoa, akamchukua yule wa pinki. Alikuwa mwepesi na wa moto, na kile kilichotoka kikamgusa kwenye kifundo cha mkono. Alimtazama kidogo aone kama kuna la kufanya. Hapakuwa na la kufanya. Akamshika kichwa kwa vidole viwili, akazungusha mara moja.

Mtoto mmoja alipiga yowe, na wengine wakafuata. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho kwa kiganja na kusema Yesu wangu. Simu ziliinuliwa. Bwana Melkizedek, aliyekuwa na paja la kuku karibu na mdomo, alilirudisha sahanini na kuisukuma sahani mbali. Mtu fulani nyuma akasema kwa sauti kwamba bibi huyu ni mkatili, mbele ya watoto, jamani, mbele ya watoto.

Bibiana aligeuka na kifaranga mkononi. Rangi ya pinki ilikuwa imechanganyika na damu na kumpaka vidole. Aliwatazama watu wale mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, wengine aliowafahamu kabisa, waliotoka Kisanga kama yeye. Nyuso zao zilikuwa zimekunjamana kwa kinyaa, na kinyaa hicho walikielekeza kwake.

"Mlikuwa mnacheka," alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa.

Thadeo alimtoa hapo kwa mkono, akampeleka kwenye chumba kidogo cha ofisi, akafunga mlango. Nje mshereheshaji alifungulia muziki tena. Chumbani mlikuwa na meza, feni, na maboksi yenye matundu yaliyorundikwa mpaka juu. Kutoka kwenye yale ya chini kulitoka mlio mdogo usiokoma. Bibiana alisimama. Hakutaka kukaa juu ya chochote.

Thadeo alikwenda huku na huku, akalegeza tai, akaifunga tena. Halafu maneno yakamtoka yote. Alisema amemwita amheshimishe mbele ya watu, naye amemvua nguo. Alisema picha hizo zitafika Morogoro kabla ya jioni. Alisema vifaranga wale, kama yeye asingewachukua, wangetupwa wazima ndani ya gunia na kufungwa; kwake angalau wapo wanaopelekwa nyumbani na watoto na kupewa majina. Alimuuliza yeye mwenyewe amechinja kuku wangapi. Alimkumbusha kwamba ada yake ya shule ilitoka kwenye kuku hao hao, kwamba kila likizo alikuwa akiwafunga miguu na kuwapeleka mnadani wakining'inia vichwa chini kwenye baiskeli, na hakumsikia mtu akikataa kusali siku hiyo.

Bibiana alisikiliza. Mengi yalikuwa kweli.

"Nimechinja wengi," alisema mwishowe. "Sikumchezea hata mmoja."

Thadeo alipumua. Hasira zilimpungua ghafla kama zilivyompanda, na alionekana amechoka. Alichukua chupa ya maji mezani, akaifungua, akammiminia mama yake kwenye glasi na kumpa kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Bibiana alinyoosha mkono apokee. Aliona kucha za mwanawe. Chini ya kila kucha kulikuwa na mstari wa kijani, na kwenye mikunjo ya vidole kulikuwa na bluu iliyokataa kutoka kwa sabuni. Ina maana aliwachovya mwenyewe. Alikaa na ndoo, akawashika mmoja mmoja, akawazamisha, wakati yeye kule Kisanga alikuwa akipanga sala.

Mkono wake ukarudi wenyewe.

Thadeo alibaki ameishika glasi. Alizitazama kucha zake, kisha akamtazama mama yake usoni, na akaelewa.

"Mama," alisema, "una kinyaa na mimi?"

Alitaka kusema hapana. Alilizaa jitu hili zima, alilifuta mavi na makamasi, alilitafunia chakula lilipokuwa halina meno, na hakuna siku aliyowahi kuona kinyaa. Neno lilikuwa fupi na lingemtoka kirahisi. Lakini tumbo lake lilikuwa juu kooni, na alijua kwamba akifungua mdomo kitakachotoka si neno. Alinyamaza mpaka Thadeo akaiweka glasi mezani, taratibu sana, akatoka nje bila kumtazama.

Happyness ndiye aliyemrudisha. Bibiana aliomba apewe waliokuwa kwenye maboksi na waliokuwa kwenye kioo, na Thadeo, aliyekuwa amesimama na wageni wachache waliobaki, alisema kwa mbali achukue wote, mradi aondoke. Doto aliwapakia nyuma ya gari. Imani alikaa kiti cha mbele na mama yake, akakataa kugeuka. Njia nzima hadi Kisanga gari lilinuka.

Wengi wao walikufa. Walikuwa wameshachoka, na rangi ilikuwa imewashikanisha manyoya wasiweze kujipasha joto. Kila asubuhi Bibiana aliwatoa waliokufa usiku, akawafukia nyuma ya choo, wa pinki na wa kijani na wa bluu, na kila mara alinawa kwa majivu na bado alihisi mikono ina utelezi. Kwa siku kadhaa hakuweza kula nyama yoyote. Waliopona walipoanza kuota manyoya ya kweli, rangi iliwatoka kwa mabaka, wakawa na sura mbaya ya wagonjwa wa ngozi, na kuku wake wa kienyeji waliwafukuza kila walipokaribia chakula.

Video ilifika kila mahali. Kwenye jumuiya hakuna aliyemuuliza wazi, lakini mama mmoja aliyekuwa akizoea kukaa karibu naye alihamia upande wa pili. Kisimani, watoto walipomwona walijishika shingo na kutoa ulimi. Wapo waliokuja kumpa pole, nao, baada ya pole, waliuliza ilikuwaje kuwaje, mkono ulishuka vipi, utumbo ulionekana, na aliona machoni mwao ile hamu aliyoiona kwenye nyuso zilizobandikwa kwenye kioo. Hao ndio waliomchefua zaidi. Aliacha kuwajibu.

Kwa Thadeo mambo hayakuwa mabaya kama alivyoogopa, wala mazuri kama alivyotaka. Wazazi walilalamika kwamba mahali pale wanaua wanyama mbele ya watoto. Hakuna aliyelalamikia mashine. Aliwaondoa vifaranga, akaijaza mashine midoli na simu za bei rahisi, na watu wakarudi. Habari hizi Bibiana alizipata kwa Happyness, ambaye alipiga simu kila Jumapili. Thadeo mwenyewe hakupiga. Kila simu ilipoita Bibiana alitazama jina, na kila alipoona si lake, aliona nafuu, halafu akajichukia kwa nafuu hiyo.

Alikuja baada ya mahindi kuvunwa, bila kutoa taarifa, pamoja na mkewe na binti yake. Alimwamkia mama yake kutoka mbali kidogo. Bibiana aliitikia marahaba na kuwakaribisha, akaingia jikoni, na kwa kuwa walikuwa wageni, akapika ugali na mlenda na maharage. Hakuchinja kitu. Thadeo alikaa nje akiwatazama majogoo waliobaki, ambao sasa walikuwa weupe na wembamba, wanatembea peke yao kama watu wasio na ukoo. Aliuliza kama ndio wale. Bibiana alisema ndio.

Chakula kilipoiva Imani hakutaka kukaa mkekani. Mama yake alimwita, akamkemea, akambembeleza. Mtoto alisimama akishikilia nguzo ya baraza, akitazama mikono ya bibi yake ikikata ugali, na machozi yakaanza kumtoka. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo kwamba hawezi kula alichoshika bibi.

Happyness aliona haya, akainua mkono kama atampiga. Bibiana alimzuia. Alisema mwacheni, msimlazimishe, atakula atakapoweza. Alisema huwezi kuliamuru tumbo la mtu. Akamwambia Happyness aingie jikoni ampikie mtoto uji kwa mikono yake mwenyewe, sufuria safi ipo juu ya dari.

Walibaki wawili mkekani, yeye na mwanawe. Maneno aliyoyasema juu ya tumbo yalikuwa bado yako hewani, na wote wawili walijua hayakuwa ya Imani peke yake. Thadeo aliinama, akavuta jagi la maji na bakuli, akashika jagi, akangoja. Bibiana alinyoosha mikono yake na mwanawe akammiminia maji, polepole, mpaka yakaisha kutiririka. Halafu Bibiana akachukua jagi, akammiminia yeye. Zilikuwa kucha safi, fupi, za mtu wa ofisini. Alizitazama hata hivyo. Alijua kwamba atakuwa akizitazama kwa miaka mingi.

"Siku ile sikukujibu," alisema.

"Ulinijibu, Mama."

Bibiana hakubisha. Alimega tonge, akachovya kwenye mlenda, akala, na Thadeo akamega upande wake wa sinia. Mara ya kwanza mikono yao ilipokutana karibu na bakuli la maharage, mkono wake ulianza kurudi, akauzuia. Akachota maharage. Akala.

Barazani Imani alikuwa amekaa na kikombe chake cha uji, mgongo kwao, akiupuliza upoe.